Alama Katika Damu: Protini ya CEA na Saratani ya Utumbo Mpana

Jambo moja linalomshinda tabibu katika kupambana na saratani ni kuchelewa. Uvimbe wa saratani huanza na chembe hai moja iliyoasi utaratibu wa mwili, hukua kimyakimya kwa miaka mingi, na mara nyingi hauleti maumivu mpaka umekwisha kutia mizizi. Kwa sababu hiyo wataalamu wa tiba wametamani tangu zamani kupata alama ya saratani katika damu: dutu itokayo kwenye uvimbe, ikaingia katika mkondo wa damu, na ikaweza kupimwa kwa matone machache yaliyochotwa mkononi. Dutu ya namna hiyo ikipatikana, kila mtu mzima angeweza kupimwa mara moja kwa mwaka, na saratani ingekamatwa ingali changa.

Mwaka 1965 wanasayansi wawili wa mji wa Montreal, nchini Kanada, walitangaza ugunduzi wa protini iliyoonekana kuwa ndiyo alama hiyo kwa saratani ya utumbo mpana. Protini hiyo hujulikana ulimwenguni kwa herufi tatu, CEA. Miaka mingi imepita tangu wakati huo, na leo CEA hupimwa katika hospitali za nchi nyingi. Hata hivyo, kazi inayofanya leo siyo ile iliyotarajiwa. Historia yake yafaa kujulikana na kila mwanafunzi wa sayansi, kwa kuwa inaonyesha wazi kwamba thamani ya kipimo chochote hutegemea swali ambalo kipimo hicho kinaulizwa.

UTUMBO MPANA NA SARATANI YAKE

Utumbo mpana ni mrija wenye urefu wa mita 1.5 hivi. Hupokea mabaki ya chakula kutoka utumbo mwembamba, hufyonza maji yaliyomo, na hupeleka kinyesi kwenye puru, ambayo ni sehemu ya mwisho iliyo karibu na njia ya haja kubwa. Ukuta wake wa ndani umetandazwa utando wa chembe hai zinazokufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku chache. Kuzaliana huko kwa haraka ndiko kunakoupa utando huo nafasi nyingi za kukosea. Kosa katika jeni moja huweza kuzaa kinundu kidogo kisicho na madhara. Makosa mengine yakiongezeka juu ya hilo la kwanza, kinundu hugeuka kuwa saratani. Safari hiyo mara nyingi huchukua miaka 10 au zaidi.

Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mnamo mwaka 2022 watu wapatao milioni 1.9 waligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana au ya puru duniani, na watu wapatao 900,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Ikigunduliwa ingali ndani ya ukuta wa utumbo, saratani hii kwa kawaida huponywa kwa kupasuliwa. Ikigunduliwa baada ya kusambaa kwenye ini au mapafu, tiba huwa ngumu na matumaini huwa haba. Ndiyo maana habari za kutoka Montreal zilipokewa kwa shauku kubwa.

UGUNDUZI WA MONTREAL

Wagunduzi wenyewe walikuwa Phil Gold, tabibu kijana aliyekuwa akisomea shahada ya udaktari wa falsafa, na Samuel Freedman, aliyekuwa mwalimu wake. Wote wawili walikuwa wa Chuo Kikuu cha McGill. Swali lao lilikuwa rahisi kulitamka lakini gumu kulijibu: je, chembe za saratani zina dutu yoyote isiyopatikana katika chembe za kawaida?

Ugumu wa swali hilo ulitokana na tofauti zilizopo kati ya mtu na mtu. Mtafiti akilinganisha uvimbe wa mgonjwa mmoja na nyama ya mtu mwingine mzima, ataona tofauti nyingi zisizohusiana kabisa na saratani, kama vile zile zinazofanya damu ya mtu mmoja isipatane na ya mwingine. Gold na Freedman waliuchagua utumbo mpana kwa sababu maalumu. Saratani yake hutambaa ndani ya ukuta wa utumbo kwa sentimita chache tu. Mpasuaji anapokata kipande chenye uvimbe, hukata pia sehemu ya utumbo iliyo salama pande zote mbili. Hivyo watafiti waliweza kupata nyama yenye saratani na nyama isiyo na saratani kutoka kwa mgonjwa yule yule, na tofauti za mtu na mtu zikaondoka.

Hatua iliyofuata ilitegemea kinga ya mwili ya sungura. Mnyama anapodungwa dutu ngeni, damu yake hutengeneza kingamwili, yaani protini za ulinzi ambazo kila moja hushikana na dutu maalumu kama ufunguo na kufuli yake. Dutu inayochochea ulinzi huo huitwa antijeni. Watafiti walisaga nyama ya uvimbe, wakawadunga sungura maji yake, na sungura wakatengeneza kingamwili za kila aina. Nyingi kati ya hizo zilikuwa dhidi ya protini za kawaida za binadamu, ambazo kwa sungura ni ngeni vile vile. Ili kuziondoa, watafiti walichanganya seramu ya sungura na nyama ya kawaida ya mgonjwa yule yule. Kingamwili zilizokuwa dhidi ya vitu vya kawaida zilinaswa na nyama hiyo zikaondolewa, mfano wa mtu achekechaye unga ili makapi yabaki katika chekecheo. Kingamwili chache zilizopita zilishikana na uvimbe, wala hazikushikana na utumbo salama.

Watafiti hawakutosheka na njia moja. Walichukua pia sungura waliozaliwa karibuni, wakawadunga dutu za utumbo wa kawaida ili miili yao izizoee na kuziona si ngeni. Baadaye sungura hao walipodungwa dutu za uvimbe, walitengeneza kingamwili dhidi ya kile tu kilichozidi katika uvimbe. Njia zote mbili zilileta jibu moja.

Jambo la kustaajabisha lilijitokeza walipopima nyama za aina nyingine. Antijeni ile ile ilipatikana katika utumbo, ini na kongosho la watoto walio bado tumboni, katika miezi 6 ya mwanzo ya mimba. Ilionekana kana kwamba chembe ya saratani imerudia tabia iliyokuwa nayo kabla ya kuzaliwa. Hapo ndipo dutu hiyo ilipopewa jina lenye maana ya antijeni ya saratani na ya mimba changa, na CEA ni kifupi cha jina hilo kwa Kiingereza. Wazo lenyewe halikuwa geni kabisa. Mnamo mwaka 1963 Garri Abelev wa Moscow alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba uvimbe wa ini la panya hutoa protini ya damu ya vijusi, na kwamba protini hiyo haionekani katika damu ya panya wazima.

KUPIMA KISICHOONEKANA

Kuigundua CEA katika nyama ya uvimbe lilikuwa jambo moja. Kuipima katika damu lilikuwa jambo jingine. Katika mililita 1 ya seramu ya mtu mzima asiyevuta sigara, CEA kwa kawaida haizidi nanogramu 2.5 hivi. Nanogramu ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara bilioni moja. Maabara nyingi huhesabu kwamba kiwango kimezidi kinapopita nanogramu 5 kwa mililita. Hiyo ni sawa na kuyeyusha gramu 1 ya sukari katika lita 200,000 za maji, ambazo zingejaza malori kumi yenye matangi ya lita 20,000 kila moja.

Njia ya kupima kiasi kidogo namna hiyo ilikuwa imebuniwa mjini New York katika miaka ya 1950 na Solomon Berson, aliyekuwa tabibu, na Rosalyn Yalow, aliyekuwa mwanafizikia. Waliitumia kwanza kupima insulini. Yalow alipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1977 kwa kazi hiyo. Berson alikuwa amefariki mwaka 1972.

Njia yao inaweza kuelezwa kwa mfano. Kuna ukumbi wenye viti 100, na wageni 100 waliovaa kofia wanangoja mlangoni. Wakiingia peke yao, kila kiti kitakaliwa na mtu mwenye kofia. Lakini wakiingia pamoja na wageni wasio na kofia ambao idadi yao haijulikani, wote watagombania viti, na baadhi ya wenye kofia watabaki wamesimama. Msimamizi hana haja ya kuwahesabu wasio na kofia. Akihesabu kofia zilizo juu ya viti, ataweza kukisia ni wangapi walioingia bila kofia: kofia zikipungua, wao ni wengi. Katika maabara, viti ni kingamwili, wageni wenye kofia ni CEA iliyotiwa iodini nururifu, na wasio na kofia ni CEA iliyomo katika damu ya mgonjwa. Kofia huhesabiwa kwa chombo kinachopima mnururisho.

Siku hizi maabara nyingi hazitumii tena iodini nururifu wala seramu ya sungura. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, waliokuwa Cambridge nchini Uingereza, walipata njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tu kwa wingi, na kofia za mnururisho zikaachia nafasi kofia zinazotoa mwanga au rangi. Hata hivyo, msingi wa kipimo bado ni ule ule wa ufunguo na kufuli.

SHANGWE NA MASHAKA

Mwaka 1969 Gold, Freedman na wenzao walitangaza matokeo ya kupima CEA katika damu. Kati ya wagonjwa 36 wa saratani ya utumbo mpana na puru, 35 walikuwa nayo kwa wingi. Watu wazima waliolinganishwa nao hawakuwa nayo. Kipimo kinachowanasa wagonjwa 35 kati ya 36 ni kipimo adimu sana, na wengi waliamini kwamba ile ndoto ya kuipima saratani kwa tone la damu imetimia.

Kipimo kilipofika katika hospitali nyingine, mambo yalibadilika. Wavutaji wengi wa sigara walionekana kuwa na CEA iliyozidi kiasi ingawa hawakuwa na saratani. Wagonjwa wa ini lililosinyaa kwa ulevi, wenye uvimbe wa kongosho, na wenye vidonda vya muda mrefu vya utumbo mpana walikuwa nayo pia. Saratani nyingine, kama za mapafu, matiti, tumbo na kongosho, nazo ziliipandisha. Na kinyume chake, wagonjwa wengi ambao saratani yao ya utumbo mpana ilikuwa bado changa walikuwa na kiwango cha kawaida kabisa.

Je, watafiti wa Montreal walikuwa wamepima vibaya? La hasha. Vipimo vyao vilikuwa sahihi kwa watu waliopimwa. Tatizo lilikuwa katika uteuzi wa watu hao. Wagonjwa waliolazwa hospitali kwa kawaida ni wale ambao uvimbe wao umekwisha kukua na kutoa CEA nyingi, na watu waliolinganishwa nao ni wazima wa afya njema. Kati ya makundi hayo mawili pana bonde pana, na kipimo chochote kizuri kitaweza kuyatofautisha. Lakini tabibu haulizi swali hilo. Tabibu anataka kumtofautisha mwenye saratani changa na mwenye maradhi mengine ya tumbo, na hapo bonde hujaa. Mwaka 1978 David Ransohoff na Alvan Feinstein waliandika makala juu ya namna vipimo vya tiba vinavyopaswa kuchunguzwa kabla ya kusifiwa, na CEA ilikuwa miongoni mwa mifano yao.

KWA NINI CEA HUPOTOSHA

Maelezo ya tabia hiyo ya CEA yalikuja polepole. Kwanza, iligunduliwa kwamba hata utumbo mpana wa mtu mzima asiye na ugonjwa hutengeneza CEA, tena kwa kiasi si haba. Lile wazo la mwanzo, kwamba ni dutu ya saratani na mimba peke yake, lilibidi lirekebishwe. Mnamo mwaka 1987 mfuatano wa jeni yake ulisomwa, na ikajulikana kwamba CEA ni mmoja wa ukoo wa protini zinazofanana, ambazo jeni zake zimo katika kromosomu ya 19. Mwaka 1989 watafiti wa McGill walionyesha kwamba CEA huweza kuzifanya chembe hai zishikamane. Ni protini iliyofunikwa sukari nyingi, kiasi kwamba sukari hizo huchukua nusu au zaidi ya uzito wake, na imetiwa nanga katika ngozi ya nje ya chembe.

Tofauti kati ya mzima na mgonjwa imo katika mpangilio wa chembe zenyewe. Katika utando wa kawaida, chembe zimepangwa kama matofali ya ukuta, upande mmoja wa kila chembe ukielekea ndani ya mrija wa utumbo. CEA huwekwa kwenye upande huo tu, na inapobanduka hudondokea kwenye kinyesi na kutoka nje ya mwili. Damu, iliyo nyuma ya ukuta, haipati kitu. Saratani inapoingia, mpangilio huvurugika. Chembe huweka CEA pande zote, huvunja msingi wa ukuta, na hujipenyeza karibu na mishipa. Hapo ndipo CEA inapopata njia ya kuingia katika damu.

Kutokana na maelezo hayo, mambo matatu hueleweka mara moja. Uvimbe mchanga, ambao bado haujavunja ukuta, hauna njia ya kupeleka CEA nyingi katika damu. Kwa hiyo kipimo huwa kimya wakati ule ule ambapo kingehitajika zaidi. Vidonda na uvimbe usio wa saratani hudhuru ukuta pia, na kwa hiyo huweza kuipandisha. Na kwa kuwa ini ndilo linaloisafisha CEA kutoka katika damu, ini likiugua, CEA hurundikana hata bila saratani. Yafaa kuongeza kwamba baadhi ya saratani, hasa zile ambazo chembe zake zimepoteza kabisa umbo la utumbo, hutoa CEA kidogo sana hata zinapokuwa kubwa.

HESABU YA KUWAPIMA WAZIMA

Huenda mtu akasema kwamba kipimo chenye kasoro ni bora kuliko kukosa kipimo kabisa. Hesabu ndogo yaonyesha kwa nini hoja hiyo haisimami.

Ichukuliwe kwamba katika mji fulani wamepimwa watu 10,000 wenye umri wa zaidi ya miaka 50 na wasio na dalili yoyote. Ichukuliwe pia kwamba 40 kati yao wana saratani bila kujijua, kwamba kipimo hunasa nusu ya saratani za namna hiyo, na kwamba huwasingizia watu 5 katika kila 100 walio wazima. Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini hazitoki mbali na hali halisi.

Kati ya wagonjwa 40, kipimo kitawanasa 20. Wasio na saratani ni 9,960, na kati yao watakaosingiziwa ni 498. Jumla ya watakaoambiwa kwamba damu yao ina alama ya saratani ni 518, na katika hao wenye saratani kweli ni 20 tu, yaani chini ya 4 katika kila 100. Watu 498 wataingiwa na hofu, nao watapitishiwa mpira wenye kamera katika utumbo wote, kazi ambayo ina gharama na mara chache huweza kutoboa utumbo. Wagonjwa wengine 20 watarudi nyumbani wakiwa wametulizwa kwa uongo. Hao ndio walio katika hatari kubwa zaidi, maana mwezi ujao wakiona damu katika choo watajikumbusha kwamba walipimwa na wakaambiwa ni wazima.

Mwaka 1980 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliwaita wataalamu kulijadili jambo hili, nao walikubaliana kwamba CEA isitumike kuwachunguza watu wasio na dalili. Uamuzi huo unafuatwa na miongozo ya tiba hadi leo. Hata hivyo, katika nchi kadhaa kipimo hiki bado huuzwa kwa watu wazima miongoni mwa vifurushi vya uchunguzi wa afya. Anayekinunua anapaswa kuijua hesabu iliyo hapo juu.

Kwa uchunguzi wa watu wasio na dalili, njia iliyothibitika ni ya zamani na haina fahari: kutafuta damu isiyoonekana kwa macho katika kinyesi. Katika utafiti uliofanyika Minnesota, Marekani, na kutangazwa mwaka 1993, watu zaidi ya 46,000 walishirikishwa. Wale waliopimwa kinyesi kila mwaka, na kupitishiwa mpira wa kamera damu ilipoonekana, walipungukiwa vifo vya saratani ya utumbo mpana kwa theluthi moja, wakilinganishwa na wasiopimwa.

KAZI YAKE HALISI

Kama CEA haifai kutafuta saratani, je, inafaa nini? Jibu lilipatikana kwa kuwatazama wagonjwa ambao saratani yao inajulikana tayari.

Mgonjwa hupimwa CEA kabla ya kupasuliwa. Kiwango kikubwa humwarifu tabibu kwamba huenda ugonjwa umekwenda mbali zaidi ya ulivyodhaniwa. Uvimbe ukiondolewa wote, chanzo cha CEA kimekatwa, na kilichobaki katika damu hupungua kwa utaratibu ambao wanafunzi wa fizikia wanaufahamu kutokana na somo la unururifu. Nusu-uhai wa CEA katika damu ni siku chache, takriban 3 hadi 5. Mgonjwa aliyekuwa na nanogramu 80 kwa mililita, kwa nusu-uhai wa siku 4, atakuwa na 40 baada ya siku 4, 20 baada ya siku 8, 10 baada ya siku 12, 5 baada ya siku 16, na 2.5 baada ya siku 20. Kwa kawaida kiwango hurudi mahali pake katika majuma 4 hadi 6. Kisiporudi, yamkini kuna saratani iliyobaki mahali fulani.

Baada ya hapo huanza ufuatiliaji. Miongozo mingi hushauri mgonjwa apimwe kila baada ya miezi 3 hadi 6 katika miaka 2 ya mwanzo, kisha kila miezi 6 mpaka itimie miaka 5. Kiwango kilichokuwa chini kikianza kupanda kipimo baada ya kipimo, tabibu hutafuta uvimbe mpya kwa picha, hasa katika ini, ambako saratani hii hupenda kuhamia. Uvimbe wa ini ukigunduliwa ukiwa mdogo, huweza kukatwa, na baadhi ya wagonjwa hupona kabisa.

Kipimo ni kile kile, lakini hesabu imebadilika. Uhakiki wa tafiti nyingi uliotolewa na jumuiya ya Cochrane mwaka 2015 ulionyesha kwamba, kwa mpaka wa nanogramu 5, CEA hunasa 71 kati ya kila wagonjwa 100 waliorudiwa na saratani, na huwasingizia 12 kati ya kila 100 wasiorudiwa. Ichukuliwe kwamba katika wagonjwa 100 waliopasuliwa, 30 watarudiwa. Kipimo kitawanasa 21 hivi. Kati ya 70 waliobaki, kitawasingizia 8 hivi. Watakaopewa habari mbaya ni 29, na kwa 21 kati yao habari hiyo ni ya kweli. Kutoka 4 katika kila 100 mpaka zaidi ya 70 katika kila 100 ni tofauti kubwa mno, na haikuletwa na maabara bora zaidi. Imeletwa na kuwauliza watu tofauti.

Hata hapa hadhari inahitajika. Wagonjwa 9 kati ya 30 watapitwa na kipimo, na kadiri kipimo kinavyorudiwa ndivyo ving'ora vya uongo vinavyozidi. Dawa za saratani zenyewe huweza kupandisha CEA kwa muda katika majuma ya mwanzo. Kwa sababu hizo tabibu mwangalifu hutazama mwelekeo wa vipimo kadhaa kabla ya kuamua, wala haongozwi na tarakimu moja.

Pia haifai kudhani kwamba kujua mapema ni kupona. Katika utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2014, wagonjwa 1,202 waliopasuliwa katika hospitali 39 waligawanywa katika makundi. Kati ya waliofuatiliwa kwa uchache, ni 2.3 tu katika kila 100 waliopata upasuaji wa pili wenye matumaini ya kuponya. Kati ya waliopimwa CEA mara kwa mara walikuwa 6.7, na kati ya waliopigwa picha za CT walikuwa 8. Faida hiyo ni ya kweli, ingawa ni ndogo. Na utafiti huo haukuonyesha kwa hakika kwamba vifo vilipungua.

UGONJWA HUU NA AFRIKA MASHARIKI

Kwa muda mrefu saratani ya utumbo mpana ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa nchi za viwanda. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1971 kwamba uhaba wake barani Afrika huenda unatokana na vyakula vyenye makapi na nyuzinyuzi nyingi. Leo miji inakua, vyakula vinabadilika, na watu wanaishi miaka mingi zaidi. Na ugonjwa huu si mgeni tena katika hospitali za Afrika Mashariki. Wagonjwa wengi hufika wakiwa wamechelewa, mara nyingi baada ya kutibiwa bawasiri au kuhara damu kwa muda mrefu.

Kwa hiyo, kujua dalili kuna faida kubwa kuliko kununua kipimo cha CEA. Damu katika choo, mabadiliko ya haja kubwa yanayodumu kwa majuma kadhaa, kupungua uzito bila sababu, na upungufu wa damu kwa mtu mzima ni mambo yanayotaka uchunguzi wa utumbo wenyewe. Mwenye dalili hizo asitulizwe na CEA ya kawaida. Walimu wa sayansi wanaweza kusaidia sana kulieneza jambo hili, kwa kuwa wanafunzi wao wana wazazi na babu walio katika umri unaohusika.

MAZOEZI KWA WANAFUNZI

1. Rudia hesabu ya watu 10,000, lakini chukulia kwamba kipimo huwasingizia wazima 1 tu katika kila 100. Kati ya watakaoambiwa wana alama ya saratani, wenye saratani kweli ni wangapi katika kila 100?

2. Mgonjwa alikuwa na nanogramu 48 kwa mililita siku ya kupasuliwa. Kwa nusu-uhai wa siku 4, atafikia nanogramu 3 baada ya siku ngapi? Utasemaje ikiwa baada ya majuma 6 bado ana nanogramu 15?

3. Eleza kwa nini Gold na Freedman walihitaji nyama salama ya mgonjwa yule yule, na ni kosa gani wangeweza kulifanya kama wangetumia nyama ya mtu mwingine.